Daktari wa Wazee Kawatangulia Wazee: Maisha ya Evaristo Gasper Hyera

Tunayemzika leo ni Evaristo, mtoto wa kwanza wa Gasper Hyera na Wilhelmina. Ilitakiwa yeye ndiye amzike mama yake, na mama alishajiandaa hivyo. Haikuwa.

Alizaliwa Salale, kule deltani, Jumamosi ya tarehe 14 Agosti 1971. Baba yake, mtu wa Songea, aliletwa na serikali kuhudumu zahanatini. Siku hiyo mkunga alikuwa kasafiri, basi Gasper akamzalisha mkewe mwenyewe. Mkewe akamwambia, "Shika vizuri, huyo si chupa ya dawa." Mtoto akatoka salama.

Alianza darasa la kwanza hapo Salale mwaka 1979. Michezo haikuwa yake. Wenzake wakikimbizana kwenye matope ya mikoko, yeye anakutwa barazani kwa Mzee Mtoro, kati ya vikongwe, anakula kamba wa kuchemsha na kusikiliza habari za magoti. Mama yake akamfuata na fimbo: "Evaristo! Huna wa rika lako?" Mzee Mtoro akamtetea: "Mwache, mama. Huyu kazaliwa na mvi." Sekondari aliisomea Songea, kwa ndugu wa baba, akamaliza kidato cha sita mwaka 1992. Udaktari aliupata Muhimbili mwaka 1998. Baba yake hakumwona na joho, alishafariki mwaka 1994, familia ikiwa imehamia hapa Kibiti.

Tarehe 8 Desemba 2001 alifunga ndoa na Restituta, muuguzi wa Ruaruke. Alipokwenda kuchumbia aliuliza kwanza hali ya bibi wa binti, akakaa na bibi huyo mpaka chai ikapoa, Restituta akadhani mgeni kakosea nyumba. Mungu aliwajalia watoto wawili.

Alitibu mikoani, akawa bingwa wa magonjwa ya ndani, kisha mwaka 2011 akaenda Afrika Kusini kusomea ubobezi wa tiba ya wazee. Watu walimcheka: "Uzee nao una daktari?" Waliocheka wengine magoti yao yalikwishafika kwake. Aliporudi mwaka 2013 alisema daktari mmoja hatoshi nchi nzima, wafundishwe wengine. Mwaka 2016 mafunzo hayo yakaanza Dar es Salaam, naye akaweka sharti lake. Kila daktari anayesomea wazee akakae mwezi kwenye nyumba ya mzee, Mahege, Ruaruke, Salale au Kibiti, na mwenye nyumba ndiye aseme kafaulu au bado. Wakubwa zake hawakulipenda. Hakurudi nyuma. Ubishi huo hakuuokota njiani.

Madaktari hao wote walikuwa wanafeli kwa adabu. Sisi tumelelewa hivyo, kijana akimwona mkubwa na ndoo anampokea, akimwacha anaonekana hana kwao. Evaristo akiwaambia, "Mzee anayeweza, ukimpokea ndoo leo, kesho utampokea bakuli, na miguu yake itasahau kazi. Daktari wa wazee ajue kwanza kuizuia mikono yake mwenyewe."

Mwaka 2023 akaletwa Dkt. Vicky, binti wa Moshi, kwa mama wa marehemu hapa Kibiti. Mama anatwanga, Vicky kakaa anamtazama kama alivyofundishwa. Jirani, Bi Mwamvua, akapaza sauti uani kwake: "Jamani, mgeni kakaa kitako bibi anatwanga! Daktari wa nini huyu, wa viti?" Vicky akaona haya, akaruka, akaushika mchi.

"Lete mchi wangu," mama akamwambia. "Na wewe bado."

Mwaka uliofuata akarudi. Safari hii ulikuwa mzigo wa kuni, watu wako njiani wanaona, akaupokea tena. Bado. Wenzake wakaenda kusomea mioyo na figo. Akabaki yeye peke yake.

Februari mwaka huu wa 2025 Evaristo alikutwa na saratani ya ini. Alitibiwa Dar es Salaam mpaka Julai, kisha akasema mwenyewe, "Inatosha. Nirudisheni kwa mama." Akarudi mwembamba. Siku moja alasiri akamwambia mama yake, "Mama, Vicky mpitishe. Nikiondoka hakuna mwingine wa kufundisha, na mafunzo yatafungwa."

"Sharti uliweka wewe."

"Niliweka mimi, na sasa naondoka mimi."

"Wewe utaondoka, sharti litabaki. Sipitishi mtu kwa huruma ya mgonjwa."

Evaristo akacheka mpaka akashika ubavu. "Ningejua, ningeweka sharti jepesi."

Mama yake ana umri unaopita themanini. Kila asubuhi alimwogesha mwanawe, maji akiyatoa jikoni mwenyewe. Wanawake wa jumuiya na majirani walikuja wakisema, "Mama, kaa, utaanguka." Walisema kwa upendo, lakini kusemwa nako kunachosha. Mtoto ni wake, mgongo ni wake. Vicky alikuwapo wakati wote, anampa marehemu dawa za maumivu.

Jumamosi ya tarehe 20 Septemba beseni lilikuwa zito, mama akayumba mlangoni. Wanawake wote wakainuka. Vicky akasimama mbele yao, akatanua mikono.

"Hapana. Mwacheni."

"Una roho gani wewe mtoto?" Bi Mwamvua akamwuliza.

Vicky machozi yanamtoka, macho yake kwenye miguu ya mama. Akasogea karibu, karibu ya kumdaka, lakini hakumgusa. Mama akasimama kidogo, akapumua, akafika. Akamwogesha mwanawe, akampaka mafuta, akamvisha. Evaristo aliyaona yote kutoka kitandani. Alimtazama Vicky, akamtazama mama yake, kusema hakuweza tena. Saa nane mchana akafariki. Kusomea uzee alisomea, kuzeeka hakuzeeka. Amefariki akiwa na miaka hamsini na minne.

Ameacha mama, mke, watoto wawili, wadogo zake watatu, na wazee wa delta nzima wanaouliza nani atawashika magoti sasa. Tena ameacha daktari mmoja wa wazee. Marehemu hakuwahi kuambiwa jibu la lile ombi lake, basi na alisikie hapa kaburini pamoja nanyi nyote, na wakubwa wa Dar es Salaam waliokuja walichukue: mama amesema Vicky kafaulu. Hakupitishwa kwa huruma.

Evaristo, Mungu akupe pumziko lenye amani. Kazi ina mtu.