Siku Niliyompeana Binti Yangu

Wazazi wenzangu, chamgei. Na ninyi wenzetu mliotoka upande wa ziwa, amosou. Walioandaa mkutano huu walikuwa wamemwomba mama watoto aje asimame hapa, akakataa. Alisema, "Wewe ndiye uliharibu, wewe ndiye uende useme." Kwa hivyo mkiniona natetemeka, si malaria. Ni woga. Na sitataja jina la mtu, maana wengine wako humu ndani na tulishasameheana.

Mimi ni mkulima wa chai, na ng'ombe watatu, kule upande wa Sotik. Nikiwa kijana nilikimbia kidogo, halafu goti likakataa. Basi binti yangu alipofika miaka kumi na tatu, akaanza kuwaacha wavulana wote kwenye barabara ya shule, nikaona hii sasa ni zamu yangu nyingine. Nikampeleka klabu ya riadha ya hapo kwetu.

Mnajua vile sisi hufanya. Ukimpeleka mtoto afunzwe, unamkabidhi mkubwa mmoja, unasema maneno mbele ya watu, na ukishasema huingilii tena. Nikabeba kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, mpaka kiwanjani. Nikamshika mkono kapteni wa wasichana, mtoto wa miaka kumi na saba tu, nikasema kwa sauti, "Kuanzia leo huyu ni wako. Mkaze. Akilia, usiniletee." Wasichana wakacheka. Kocha akacheka. Na mimi nikacheka, ndugu zangu, mjinga mimi.

Mwezi haukuisha. Mtoto akaanza kurudi na viatu vimelowa, na jua lilikuwa linawaka. Nikiuliza, anasema amekanyaga mtaro. Kila Jumamosi asubuhi, siku ya mazoezi, tumbo linamuuma. Mlango ukigongwa, anaruka. Alikuwa na tabia ya kuimba akinisaidia kukamua, ikaisha, na nikaanza kuogopa ule ukimya kabla sijajua unatoka wapi.

Siku moja tukiwa zizini akaniambia, "Baba, wananiingiza kwa dipu."

Dipu ni lile shimo refu la simiti ambamo ng'ombe waliogeshwa dawa ya kupe. Letu liliachwa zamani, liko nyuma ya kiwanja, limejaa maji ya mvua ya kijani. "Nikimaliza wa mwisho," akasema, "naambiwa nishuke ngazi, nisimame maji yafike hapa." Akashika kifua. "Mpaka wamalize raundi zao. Nikipiga kelele, wanaongeza raundi."

Nawaambia ukweli, moyo wangu ulishtuka. Lakini mnajua nilimjibu nini? "Mimi nilishakupeana. Nikienda kuuliza leo, watasema mimi ni mzazi wa aina gani?" Niliogopa watu. Niliogopa kucheka kwa wanaume pale kituo cha kupimia majani ya chai kuliko nilivyoogopa lile shimo. Nikaendelea kukamua. Akachukua ndoo akaenda.

Jumamosi ya tatu baada ya hapo, saa tisa mchana, mvua ya mawe ikaanguka. Mnaijua ile yetu, inageuza shamba lote jeupe. Nikawaona wasichana wanapita langoni kwangu mbio, majaketi kichwani. Nikasimama kumngoja wangu. Wakapita wote. Kapteni alikuwa wa mwisho.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Amebaki nyuma."

Hakuniangalia machoni. Na hapo nikajua.

Sijawahi kuogopa vile maishani. Nilipita katikati ya chai na goti langu bovu, mawe yananipiga, naita jina lake na sauti yangu mwenyewe siisikii. Kitu kimoja tu kilikuwa kichwani: maji yote ya barabarani huteremkia lile shimo, na mtoto wangu hajui kuogelea. Nilianguka mara mbili. Nilikuwa nasema, Mungu, chukua ng'ombe, chukua shamba.

Nilimkuta ameshika chuma cha kando kwa mikono miwili. Maji yalikuwa yamefika kidevuni. Ngazi ilikuwa na utelezi, alikuwa amejaribu kupanda, akashindwa. Wenzake walitoroka mvua, wakamsahau. Nikalala kifudifudi nikamvuta kwa makwapa. Midomo ilikuwa rangi ya jivu. Akanitazama, na aliniogopa mimi, babake. Akasema, "Sikulia, Baba. Waulize. Sikulia."

Samahani. Ngoja kidogo.

Hayo maneno ndiyo yalinivunja. Mtoto yuko karibu kufa, na anajitetea kwangu.

Wiki mbili hakusema neno nyumbani. Mimi siku ya pili nilichukua rungu niende kwa akina kapteni. Kogo, nyanya ya watoto, yaani mama yangu, akaweka kiti mlangoni akakaa. Akaniambia, "Unaenda kumpiga mtoto wa watu kwa kazi uliyompa wewe? Ulisema mbele ya watu. Nenda uondoe mbele ya watu." Nilimkasirikia sana Kogo. Usingizi ulikataa. Lakini asubuhi nikarudisha rungu mahali pake.

Basi nikamwomba kocha aite wazazi na wasichana wote kiwanjani. Wale wanaume wa kituo cha majani nao walikuja, na walikuwa ndio niliowaogopa. Nikasema, "Nilimpa huyu msichana ruhusa ya kumtesa mtoto wangu, nikaiita mazoezi. Leo naiondoa. Hakuna mtoto hapa aliye wa mtu." Hakuna aliyecheka. Kapteni akaanza kulia. Akasema, "Hata mimi nilipeanwa hivyo. Hata mimi niliingia hilo shimo." Na mama yake alikuwa amekaa pale pale, hakuwa anajua.

Hatukusema tu "yaishe". Kapteni aliondolewa ukapteni, akakaa nje msimu mzima, lakini hakufukuzwa. Alitafutiwa mtu wa kuongea naye. Shimo tulilijaza udongo kwa majembe yetu. Sasa mazoezi hayaanzi kabla watu wazima wawili hawajafika, na hawaondoki mpaka mtoto wa mwisho ameonekana.

Namshukuru muuguzi wa zahanati, mama wa kutoka upande wa ziwa, aliyempokea binti yangu jioni ile, akamuuliza polepole na kuandika kila kitu bila kuniogopa. Leo watoto wa klabu wakiwa na shida wanamwendea yeye, si kocha wala kapteni. Namshukuru kocha, alikubali kosa lake. Namshukuru Kogo na kile kiti.

Binti yangu alirudi kukimbia baada ya miezi mitano, kwa kutaka kwake. Mimi bado naogopa. Mawingu yakikusanyika Jumamosi, naacha majani shambani, naenda kusimama kando ya kiwanja. Juzi alinijia akaniambia, "Baba, simama mbali kidogo, unaniaibisha." Nikasogea hatua kumi. Zaidi ya hapo miguu ilikataa.

Mambo mengine bado humwambia mama yake na muuguzi, haniambii mimi. Nastahili. Nangoja. Wazazi wenzangu, leo mkifika nyumbani, muulizeni mtoto mazoezi yalikuwaje. Akianza kujibu, weka chini unachofanya na unyamaze mpaka amalize.

Asanteni kwa kunisikiliza.