Nusu ya Namba

Pale kwenye kona ya kwenda Petite Barrière, mpakani pa kuvukia Goma, ng'ambo ya duka la vipuri, kuna ubao umelazwa juu ya matairi mawili ya lori. Kila asubuhi hukaa hapo watu ambao duniani hakuna wasichokijua, na kama kipo, basi hawajaulizwa. Donatille huwamiminia kahawa ya tangawizi. Asubuhi hiyo ya Jumatano walikuwapo wote. Onésphore wa pikipiki, mzaliwa wa Goma, anaitwa Radio kwa sababu hazimwi. Rutagengwa, aliyeendesha mabasi Tanzania miaka ishirini kabla ya kurudi kwao, ni Mzee Methali. Rwema, polisi mstaafu aliyekulia Uganda, ni Afande. Na fundi Vénuste, anayetibu mitambo ya barabara, wanamwita Dokta. Siku hiyo Dokta ndiye aliyeonekana mgonjwa.

Jambo lililokaliwa kikao lilijulikana mji mzima. Kule Kanama, kwenye barabara inayopanuliwa, mashine mpya ya kuchimba ilikuwa imesimama tangu Jumatatu. Iliwaka taa nyekundu, ikaandika kwenye kioo chake 100-4, ikazima. Mkuu wa kazi alimuuliza Dokta mia ni nini, naye akajibu kwamba mia ni msukumo wa oili ya injini. Mkuu akasema basi dereva ameendesha mashine bila oili. Dereva huyo, Jack, akaambiwa arudi Jumatano saa nne achukue barua ya kufukuzwa. Sasa ilikuwa saa mbili kasoro.

Dokta alijua jambo ambalo mkuu hakulijua. Namba ya kwanza hutaja kiungo kinacholalamika. Ya pili hutaja lalamiko lenyewe. Ingekuwa moja, oili ingekuwa imepungua kweli. Lakini nne maana yake ni kwamba umeme unaopita kwenye waya wa kihisi, kidude kinachopima msukumo huo, uko chini kuliko unavyotakiwa. Oili haina kosa, na dereva hana kosa. Alifundishwa hayo Kigali kwa wiki mbili, akayaelewa vizuri. Ila Jumatatu alisoma nusu ya namba, nusu nyingine akaimeza.

Aliimeza kwa sababu ya Jumapili. Padri alikuwa aje kuibariki mashine, na Dokta, mtu wa kwaya, hakutaka baraka ya Mungu ishukie matope. Jumamosi jioni, Jack akiwa amekwisha kwenda nyumbani, aliichukua pampu ya maji ya nguvu akaiosha mashine peke yake. Akafungua na boneti, akapiga maji mle ndani mpaka injini ikametameta kama kikombe cha misa. Jana, baada ya kufunga kihisi kipya na taa kukataa kuzima, aliichomoa plagi ya waya akaitikisa. Maji yakamdondokea kiganjani. Hakuikausha. Aliirudisha vilevile, maana ikikauka taa itazima, na taa ikizima ataulizwa alifanya nini. Mungu amsamehe, na sisi tunaosimulia pia, maana wangapi kati yetu hatujawahi kuukata ukweli mahali panapotufaa?

Radio ndiye aliyefungua mjadala. Alisema vile vihisi vinavyouzwa mjini ni feki, vimetengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi, vikifika hapa vinashangaa. Akamtaja jamaa mmoja wa Birere, ng'ambo ya mpaka, ambaye haguswi na namba yoyote.

– Ule anachukua kisu, anakata waya. Taa ikizimika, ugonjwa imeisha. Bon, we unatafuta nini tena?

– Sawasawa kabisa, alisema Mzee Methali. Mtoto akililia wembe, mpe.

Hakuna aliyeuliza wembe umeingiaje. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kupanda juu zaidi: tatizo si kihisi, ni ziwa. Kivu ina gesi chini yake, kila mtu anajua. Gesi hupanda na upepo wa alfajiri mpaka Kanama, na kihisi kina pua. Kikinusa gesi kinadhani oili inaungua.

– Lakini mashine haijaandika gesi, alisema Dokta taratibu. Imeandika oili.

– Lisemwalo lipo, mwanangu. Kama halipo, laja.

Afande aliwaacha wamalize, kama alivyokuwa akiwaacha washukiwa. Kisha akaeleza kwamba mashine za siku hizi zina simu ndani, na wenyewe walioziunda huko majuu huzizima wakitaka kuuza vipuri.

– Mi nimefanya upelelezi miaka kumi na tisa, my friend. Hiyo ni plan.

– Ulipeleleza mashine, Afande? aliuliza Radio.

– Nilipeleleza watu. Mashine inatengenezwa na nani?

Ubao mzima ukakubali kwamba hilo halina jibu. Radio, ambaye hapendi mtu mwingine amalize, akateremsha kikombe na kushusha sauti. Yeye alikuwapo Jumapili, aliona. Padri alinyunyiza maji ya baraka mbele tu, kwenye ndoo ya kuchimbia. Nyuma, kwenye moteri, yaani injini, hayakufika.

– Donc shetani ilitoka mbele, ikakimbilia nyuma. Iko ndani ya capteur, ile kihisi yenu, inakaa kimya. Pale haikupata maji hata tone moja.

Dokta alipaliwa na kahawa. Wakampiga mgongoni, wakimcheka kwamba daktari anaogopa mashetani. Hapo ndipo jaribu lilipomjia, tamu kuliko sukari ya Donatille. Watu hawa wangemwamini. Angeweza kwenda sasa hivi, akaikausha plagi, akasema amemshinda huyo shetani. Mashine ingenguruma, mkuu angempa mkono. Na Jack angekuwa njiani kwenda kutafuta kazi nyingine, na jina bovu mgongoni.

Alikuwa bado anajifuta kinywa aliposimama mbele yao mwanamke mwenye kitenge cha kijani, mtoto amelala mgongoni. Aliwasalimia kwa heshima, mmoja mmoja, akaanza na mzee. Akasema yeye ni Isimbi, mke wa Jack.

Wote wakasogea kumpisha akae. Hakukaa.

– Papa, nasikia hapa munajua mambo ya ile machine. Mi niko na swali moja tu. Samedi bwana yangu aliiacha na matope mpaka kwa dirisha. Dimanche tulienda kwa baraka, nikaikuta inang'ara mpaka ndani. Nani aliiosha?

Mzee Methali alitafuta methali, na kwa mara ya kwanza tangu ubao ule ulazwe, hakuipata.

– Sitafuti kugombana na mutu, aliendelea Isimbi. Mwenye kuosha alifungua moteri. Aliona kama mafuta yake, ile oili, iko ama haiko. Akubali tu kuja kusema, basi. Namuombea Mungu tangu jana nimupate.

Dokta alikuwa ameombewa usiku kucha na mwanamke ambaye yeye ndiye aliyemdhulumu.

– Ni mimi, alisema.

Uso wa mwanamke ukafunguka, na furaha hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuibeba.

– Imana ishimwe, Mungu asifiwe. Na mafuta?

– Mafuta ilikuwa muzuri, mama. Ilikuwa kwa alama yake. Ubaya ni maji yangu. Niliosha vibaya, maji ikaingia kwa waya. Nilijua, nikanyamaza.

Mtoto aliguna usingizini. Isimbi alimpigapiga mgongo, macho yake hayakumwacha Dokta, na ule mwanga usoni ukarudi ndani kidogo kidogo.

Dokta akatoa simu. Alisema atampigia mkuu sasa hivi, hapa hapa, mbele ya mashahidi, kabla saa nne haijafika.

– Hapana, alisema Isimbi, akikaza kitenge. Simu inakatikaka katikati. Onésphore atatubeba na pikipiki. Twende, mkuu akuone kwa macho.