Mkono wa Mkwe

Kwenye basi la Serowe, Mma Gaolathe alimwambia Rra Oteng, mzee wa kiti cha jirani, kwamba tangu apewe mashine ya kujipima presha nyumbani, inayomtumia daktari majibu Gaborone, hajagombezwa tena.

"Umepona?"

"Nampima mkwe wangu. Presha yangu ilikuwa inamkasirisha daktari."

"Sasa Mma, anamtibu nani?"

"Mimi. Juzi kanipunguzia vidonge."

"Utakufa na majibu mazuri, mama!"

"Na wewe wa foleni, umepona?"

Rra Oteng, aliyepanga foleni kliniki tangu alfajiri akaambiwa arudi kesho, alikunja kadi yake ya kliniki akaitia mfukoni.

Basi likasimama, Mma Gaolathe akainuka kushuka. Simu yake ikalia: daktari alitaka vipimo vya leo. Akashika mlango mpaka kizunguzungu kikapita.

"Subiri, daktari," alisema. "Mkono uko nyumbani."