Maharage Yaliyoungua: Kumuaga Mama Rosalba Alal

Mama Rosalba Alal anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Septemba 1977, baada ya miaka ishirini na mitatu kwenye kaunta ya maktaba yetu hapa Kasubi. Wasifu wa jarida la wafanyakazi umeshapelekwa, una mistari sita na haumkeri mtu. Huu ni wa pili, nakala moja tu, umeandikwa na mwenzake wa chumba cha kujalidi vitabu. Mama akishausoma, auchome.

Alipoanza kazi, waandishi Weusi hawakujaza hata rafu moja. Aliagiza vitabu vyao kutoka Afrika, Karibi na Amerika mpaka zikawa rafu saba. Hakutaka kutuelimisha kwa nguvu, alitaka tufurahi. Kwake kitabu kizuri ni kile kilichounguza maharage ya mtu. Ndani ya kila alichokipenda alichomeka kikaratasi: hiki kinachekesha, kisome umekaa, hiki cha mkunga ni kisa cha kweli, andaa leso, hiki usimwazime shemeji. Bwana Wanyama wa mapokezi aliunguza sufuria mbili kwa mwezi mmoja. Mkewe alikuja kulalamika, akaondoka na riwaya.

Mwezi Julai akaja afisa wa jeshi hili linalotutawala kuuliza tunasoma nini. Sisi tuliganda. Mama Rosalba, kwa mazoea, akamuuliza yeye anapenda nini, kisha akampa riwaya ya mtemi aliyemwogopa jogoo wake, akisema inachekesha mno. Afisa alipotoka ndipo Mama alipoketi, akakiri kwamba mdomo ulimtangulia.

Kitabu hakijarudi. Mara mbili afisa ametuma mtu kuuliza nani mwingine amekisoma. Kila kitabu chetu kina kadi ya waazimaji katika mfuko wa jalada, na ya kile ilikuwa na jina moja tu, mara tatu: la mwandishi wa maneno haya. Tangu hapo chakula hakimshuki. Gari likipunguza mwendo nje, gundi inammwagikia.

Jana Mama Rosalba alimletea mwandishi bahasha, na ndani mlikuwa na kadi ile ile. Aliichomoa kule rafuni kabla ya kumkabidhi afisa kitabu, akachomeka mpya yenye jina lake Mama mwenyewe peke yake. Aliomba radhi kwa kunyamaza, akasema asiyejua hana la kutoa akibanwa. Mwandishi alikasirika kidogo, halafu akalia.

Jumamosi Mama anapanda basi kwenda Kitgum, na vizuizi vya jeshi njiani ni vingi.

Ahsante, Mama. Tunakuombea njia nyeupe na uzee wenye vitabu. Ukifika usiandike mengi, barua zinafunguliwa. Andika tu kwamba maharage yameungua, nasi tutaanza kula tena.