Isidori Luambano, Aliyeifundisha Kompyuta Kuchambua Maneno ya Kariakoo

Baba Paroko, mama yetu mzazi, wafiwa wenzangu na majirani wa Kariakoo na Magomeni, mimi ni Stella, mdogo wake marehemu. Familia imenipa kazi hii kwa sababu, walisema, mimi silii upesi. Tutaona.

Isidori Fidelis Luambano alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Peramiho, Songea, akiwa mtoto wa kwanza wa hayati Mzee Fidelis Luambano na Bibi Sophia. Mwaka 1985 Mzee alihamia Dar es Salaam na familia yake, akawa anatengeneza cherehani mbovu kwenye baraza moja la Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Kaka alikulia kwenye baraza hilo, akisikiliza wateja wakivutana na baba. Mama anasema ukimtuma chumvi, alirudi na chumvi na maswali.

Alisoma Shule ya Msingi Mnazi Mmoja kuanzia mwaka 1986, kisha akarudi kwetu kusini kwa masomo ya sekondari, Songea Wavulana. Mwaka 2004 alihitimu masomo ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baba alichinja mbuzi, na majirani wote wakajua kuwa redio zao mbovu zimepata fundi.

Alianza kazi katika kampuni moja ya kompyuta pale Posta. Mwaka 2013 aliacha, wazee wakashika vichwa. Alijiunga na kikundi cha watu wa nchi mbalimbali wanaotengeneza zana za kompyuta za kushughulikia lugha, ambazo mtu yeyote huzichukua bure. Yeye alibeba Kiswahili. Alitengeneza kichanganuzi, yaani programu inayopewa sentensi nayo ikaeleza nani katenda, katenda nini, na kwa nani. Zipo kompyuta zinazojifunza lugha kwa kumeza marundo ya maandishi. Kaka alitaka yake ifuate kanuni, zilizoandikwa moja moja kwa mkono, ili ikikosea mtu ajue imekosea wapi. Chumba chake kilikuwa ghorofani Mtaa wa Sikukuu, juu ya duka la vitenge, na sentensi za kupimia kanuni alizichota huko chini kwa wauzaji, kila mmoja akiombwa ruhusa.

Mmoja wa hao ni mtani wetu sisi Wangoni, Beno, Mhehe muuza ndoo, ambaye nimeshamwona hapa na sura yake ya uchokozi. Siku moja walikuja wageni kuiona kazi. Sentensi ya kwanza iliyotokea kwenye kioo ilikuwa ya Beno, aliyoisema kwenye msiba wa baba yetu: "Hatuchimbi kaburi hili mpaka Wangoni watupikie kuku." Kompyuta ikaeleza bila kosa nani hachimbi na nani anapika. Mgeni mmoja akauliza kwa huzuni kama mgogoro umeshafika polisi. Kaka alicheka mpaka akaketi sakafuni.

Tarehe 8 Novemba 2008 alifunga ndoa na Leticia katika Parokia ya Magomeni, na Mungu akawajalia watoto wawili, Fidelis na Tatu. Wifi yangu alikuwa akimwuliza, "Hivi umenioa mimi au umeoa sentensi?" Naye akijibu, "Nimekuoa wewe mama. Hizo ni mawifi zako tu, wavumilie." Alimpenda sana mkewe, na kila mtu mtaani alilijua hilo.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa kazi, akawa anakwenda hospitali, Upanga, kusafishwa damu kwa mashine. Katika kipindi hicho waratibu wa zana zile walitangaza kwamba lugha itakayokuwa na mtunzaji mmoja tu toleo jipya litakapotoka itaondolewa. Kaka hakuogopa kufa kama alivyoogopa hilo, kwamba afe na Kiswahili kifutwe pamoja naye. Akamchukua Najma, binti wa Mzee Abubakary wa Magomeni, akamfundisha.

Najma ndiye aliyegundua kasoro. Ilikuwapo kanuni moja kubwa, kaka akiiita Mama Mkubwa, ambayo kila sentensi ilipaswa kuipitia. Sentensi ndefu zikifika hapo zilikwama. Nilikuwapo siku alipokuja wodini, kaka akiwa amelazwa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mbona sura hiyo? Mgonjwa ni mimi."

"Nimeona tatizo lilipo. Ila nashindwa kusema."

"Ni Mama Mkubwa, eti?"

Najma akainama.

"Ifute."

"Mwalimu, umeijenga miaka yote hiyo!"

"Ndiyo maana nakwambia mimi, asije kukwambia mtu mwingine. Ifute, kisha pima sentensi zote upya."

Binti alipotoka, kaka aligeukia ukutani akalia. Nilimshika mguu. Kisha akaomba andazi.

Sentensi nyingi ziliharibika mwanzoni, na Najma alitaka kuirudisha ile kanuni. Kaka alimpigia simu akiwa kwenye mashine: "Usirudishe, utazoea bila Mama Mkubwa." Zikanyooka pole pole. Ijumaa ya tarehe 12 Septemba mwaka huu, 2025, toleo jipya lilikubaliwa, na Kiswahili kimo, kikiwa na watunzaji wawili. Kaka alisomewa habari hiyo akiwa na akili zake timamu. Alisema, "Basi sasa niacheni nilale." Jumanne tarehe 16, asubuhi, alifariki dunia, mkono wake ukiwa katika mkono wa Leticia.

Ameacha mama, mke, watoto wawili, mimi mdogo wake, na Najma, ambaye familia inamhesabu kuwa mtoto.

Na hapo nina neno. Jana, tukimenya vitunguu, Najma aliniambia kuwa ameona kanuni nyingine ya kaka inayozuia kazi, lakini haigusi. Kwao na kwetu desturi ni moja, vitu vya marehemu haviguswi mpaka arobaini ipite. Nguo zake tumezifungia, na viatu vyake viko mlangoni vilevile. Nikalipeleka jambo hili kwenye kikao cha ukoo. Wajomba walibishana, wengine wakitaka ingoje. Mama yetu aliwaacha mpaka wote wakachoka, kisha akasema: "Nguo zingoje. Viatu vingoje. Lakini ile kazi mwanangu aliilia ili isife. Mwambieni mtoto afute."

Najma mwanetu, umesikia. Tukishatupa udongo, nenda kafute.

Mungu akupokee, kaka Isidori. Lala kwa amani, hakuna anayekungoja umalize.