Kibanio Ndani ya Boksi la Fyuzi

Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao lililoegemea ukuta wa gereji, na asiyelijua basi hajawahi kuharibikiwa na gari mtaa ule. Mwisho mmoja Bi Birika huweka jiko lake la kahawa. Mwisho wa pili hukaa Kamusi, mwalimu mstaafu, na Gia Kubwa, dereva wa malori aliyestaafishwa na mgongo. Asubuhi hiyo mbele yao lilisimama gari la Baba Pacha, kuukuu, milango wazi, na Fundi Shoti, mtu wa umeme wa magari, amelala chali chini ya dashibodi, miguu nje. Harufu ya plastiki iliyoungua iliishinda ya kahawa. Baba Pacha, ambaye udongo wa kaburi la mkewe haujakauka sawasawa, alishika kikombe bila kunywa. Usiku hakulala, na macho yake yalisema hivyo.

— Hebu rudia, alisema Gia Kubwa. Taa iliwaka yenyewe?

— Yenyewe. Ile ya ndani, ya juu. Ilikufa marehemu akiwa hai. Juzi natoka kazini, nimekwama kwenye foleni, nikaona mwanga.

— Mlango ulikuwa wazi?

— Yote imefungwa. Iliwaka kama mtu kafungua, kaingia, kakaa, kafunga. Ikazima. Halafu moshi ukatoka kwenye dashibodi, upande wake.

Kule chini Shoti alisikia hilo neno, upande wake, mkono ukasita kwenye waya. Alimfahamu yule mama. Ndiye aliyekuwa akilileta gari gereji, ameketi kiti kile kile cha abiria, akimwelekeza mumewe pa kuegesha.

— Umeme una mazoea, alisema Kamusi. Waya ukimbeba mtu miaka, unamzoea. Akiondoka, unamtafuta.

— Waya haumbebi mtu, Kamusi, alisema Bi Birika. Kiti ndicho kinambeba.

— Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete. Waya nao ni chanda.

Hakuna aliyeuliza pete ni nini.

— Mimi nilikuwa na lori, alisema Gia Kubwa, likipiga honi kila nikipita pale alipofia utingo wangu. Nikabadilisha honi. Ikapiga. Nikaing'oa kabisa.

— Ikanyamaza?

— Honi ilinyamaza. Ila waliokuwa mbele yangu wakaendelea kunipisha.

Bi Birika aliacha kumimina.

— Basi ni hivi, alisema Kamusi kwa sauti ya chini. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyo aliyeingia msimfukuze.

— Mwalimu, alisema Baba Pacha, huyo si mgeni. Gari hilo analijua kunishinda mimi.

Shoti aliona yatosha. Mtu hajalala, nao wanamjaza maneno. Akajivuta nje, akajifuta jasho kwa kiwiko, akaliita benchi zima lije lione.

— Waya wa taa hii hapa. Unapita kwenye bawaba ya mlango wa abiria. Mlango unafunguliwa, unafungwa, miaka yote, ganda limelika, shaba imegusa bodi. Hiyo ndiyo shoti. Sasa fyuzi kazi yake ni kufa ili waya upone. Hapa haikufa, kwa sababu haipo. Fyuzi iliungua zamani, mtu akachomeka hiki mahali pake, ndani ya boksi.

Akafungua kiganja. Kilikuwa kibanio cha nywele, cha shaba, kimeingia weusi ncha moja.

— Umeme ukapita wote, waya ukageuka jiko. Na taa kuwaka yenyewe, ni ncha mbili zimegusana. Nimekata palipoungua, nimeunga waya mpya, nimeweka fyuzi ya kweli. Kilichobaki ni kukaza kichwa cha betri.

— Na hicho nani alikiweka? aliuliza Gia Kubwa.

— Si mwenye nywele? Alichoka kumsubiri huyu, akajitengenezea.

Baba Pacha alikichukua, akakigeuza. Kisha akacheka, kicheko kidogo kilichochakaa, na mabega yake yakashuka.

— Ni yeye. Alikuwa hivyo. Hata redio aliwahi kuifunga kwa uzi.

Shoti alijisikia mwepesi. Kamusi naye alionekana kutaka kudai kwamba ndicho alichokuwa akisema tangu mwanzo. Ndipo akafika dada mdogo wa marehemu, anayewalea wale pacha kwa sasa, kuja kuchukua ufunguo wa nyumba. Akawaamkia, akanyoosha mkono. Macho yakaangukia kiganja cha shemeji yake.

— Shemeji, hicho umekipata wapi?

— Kwenye gari. Dada yako alikitia humo, zamani.

— Si hicho.

— Labda alikuwa navyo vingi, dada, alisema Shoti.

— Baba alivifua viwili tu. Kila binti chake.

Alipeleka mkono kisogoni, akachomoa cha kwake, nywele zikamwangukia shingoni. Akakiweka kando ya kile kingine. Mkunjo ule ule, nyundo ile ile.

— Mimi ndiye niliyembana nywele, alisema. Siku ya mazishi, kabla jeneza halijafungwa. Nilimwekea chake mwenyewe. Nani alikitoa?

Gia Kubwa alitazama kiti cha abiria, kisha akatazama pengine. Baba Pacha alifumba kiganja juu ya vyote viwili, akabaki amesimama.

Shoti alikuwa na spana mkononi, kichwa cha betri kinangoja kukazwa; kikikazwa, umeme unarudi kwenye taa ile. Alisubiri mtu amwambie akaze.