Kumtafuta Chupa kwenye Orodha ya Jela

Benchi letu liko huku Marekani, mtaa wa Beechmont, mbele ya duka la kufulia nguo kwa mashine, mahali ambapo dereva wa basi akituona hasimami tena, kwa kuwa amekwisha kujua hatuna safari. Jumamosi asubuhi, baada ya wiki nzima ya kazi za ghalani, tunakaa hapo watu watano. Balozi ni Aloisi, aliyekuwa kiongozi wa mtaa katika kambi ya wakimbizi Tanzania na hajapata taarifa kwamba muda wake ulikwisha. Redio ni Azarias, anayetangaza kwanza na kuuliza baadaye. Wakili ni Kipkoech, Mkenya aliyekuja kusoma. Sheria alisoma muhula mmoja tu, lakini kwetu sisi unatosha. Mimi ni Katibu kwa sababu natembea na kalamu, ingawa sijawahi kuandika chochote. Wa tano ni Jovini, tunamwita Chupa, maana ndiye anayeleta chupa ya kahawa ya tangawizi kila wiki bila kuambiwa. Jumamosi ninayoisimulia, mwezi wa tatu mwaka 2015, Chupa hakutokea. Kahawa nayo haikutokea, na nikisema ukweli tuligundua kahawa kwanza.

Redio: Chupa amekamatwa.

Balozi: Nani kasema?

Redio: Macho yangu. Jumatano nilikuwa ndani ya basi, nikaona gari lenye taa zinazozunguka mbele ya jengo lake lile pale. Watu wawili wenye sare wamemshika huku na huku, wanamtoa.

Wakili: Gari lilikuwa la rangi gani?

Redio: Nani anaangalia rangi? Mimi nikiona taa zinazunguka nainamisha kichwa.

Balozi: Mwenzio anachukuliwa, wewe unainama?

Redio: Niliinama kwa heshima.

Alikuwa ametuonyesha kwa kidevu jengo la matofali ng'ambo ya barabara, ghorofa ya pili. Hakuna aliyejisumbua kutazama. Jumanne iliyofuata Chupa alikuwa na usaili wa uraia, na kwa miezi sita alikuwa akisoma yale maswali mia moja ya mtihani wake kwa sauti hapo kwenye benchi, mpaka sisi wenyewe tukayashika majibu. Kuingia kwenye usaili ule na kesi mpya ni kujiharibia kila kitu. Niliogopa sana kwa ajili yake, na niliona aibu kwamba bado nilikuwa nawaza kahawa.

Katibu: Kuna aliyempigia simu?

Redio: Tangu juzi. Haiiti hata.

Balozi: Basi wamemnyang'anya.

Katibu: Na kule kwake, kuna aliyebisha hodi?

Balozi: Ubishe hodi kwa mtu aliyekamatwa? Utajuaje kama polisi hawajabaki mle ndani wanawangoja rafiki zake?

Hoja hiyo ilitutosha, maana ilituruhusu kuendelea kukaa.

Wakili: Relax, wazee. Hizi mambo ziko wazi. Ukishikwa kwa hii county, jina lako linaingia kwa website ya jela. Picha, tarehe, kosa, everything. Walio ndani na waliowahi kupita. Mtu yeyote anaona.

Balozi: Yeyote? Hata mama mkwe?

Wakili: Hata yeye, mzee.

Balozi ana mama mkwe mmoja tu, lakini aliguna kama mwenye watatu. Wakili akatoa simu, nasi tukamsogelea, vichwa vinne juu ya kioo kimoja.

Wakili: Wanataka surname. Ya Chupa ni gani?

Redio: Si Nduwayo?

Balozi: Nduwayo ni la kaka yake.

Wakili: Sasa la kaka yake si ndilo lake?

Balozi: Hapo ndipo Mkenya unapopotea. Kwetu kila mtoto ana lake.

Wakili: Sawa. Lake ni gani?

Hakuna aliyelijua. Miaka minne nimekunywa kahawa ya mtu yule.

Katibu: Andika Jovini. Kwenye makaratasi waliwageuzia wengi majina, la mwanzo likaenda mwisho. Kuna watu kazini hadi leo wanaitwa kwa jina la ubatizo, mabosi wakidhani ni la ukoo.

Wakili aliandika. Kiduara kikazunguka. Juu yetu mahali fulani kulikuwa na mlio, ngo ngo ngo, kama wa chuma na kioo.

Balozi: Wapangaji wa siku hizi hawana adabu.

Wakili: Haya, kuna mmoja. Jovin, bila i ya mwisho. Aliingizwa Jumatano jioni.

Redio: Nilisema mimi.

Wakili: Picha bado inafunguka. Amezaliwa tarehe moja, mwezi wa kwanza, elfu moja mia tisa sitini na nane.

Balozi: Ndiye. Nimewahi kuona kitambulisho chake. Tarehe moja Januari.

Wakili: Na wewe mzee ulizaliwa lini?

Balozi: Tarehe moja Januari.

Wakili: Redio?

Redio: Hiyohiyo.

Mimi hakuniuliza, alinitazama tu, nami nikatazama viatu vyangu. Kambini karani akikuta mtu hajui tarehe yake aliandika siku ya kwanza ya mwaka, akaita anayefuata. Kwa hiyo sisi tunapishana miaka tu, na keki ingetosha moja kama tungekuwa watu wa keki.

Balozi: Hata hivyo ndiye. Kosa lake nini?

Wakili: Inafunguka pole pole. Network ya hapa ni mbaya.

Huo ndio ulikuwa msiba wetu, kwamba mtandao ulitupa nafasi ya kufikiri.

Redio: Ni mbuzi. Pasaka inakaribia, amechinja mbuzi bafuni, jirani akaita polisi.

Balozi: Chupa anaogopa damu. Ni ile chupa yenyewe. Amepanda nayo basi, inatoa moshi, mtu akadhani ni bomu.

Redio: Kahawa inatoa mvuke.

Balozi: Nenda ukawaeleze wao tofauti.

Katibu: Mimi nadhani ni kule kujibu kwake. Mnamjua. Akiulizwa jambo kwa Kiingereza na mtu mwenye sare, anasema yes sir. Umelewa? Yes sir. Gari hili umeiba? Yes sir.

Redio: Umeua?

Katibu: Yes sir, thank you sir.

Tulicheka, kisha tukaona si vizuri kucheka, kisha tukacheka tena kidogo. Ule mlio wa juu ukarudi, ngo ngo ngo, kwa hasira zaidi.

Balozi: Na hapa hawezi kubaki. Mimi nimesikia wakijaa wanawahamishia Buffalo. Kule milango haifungwi, baridi yenyewe ndiyo askari.

Wakili: Mzee, Buffalo iko state nyingine kabisa.

Balozi: Ndiyo maana wanaitumia.

Hapo picha ikafunguka. Alikuwa mzungu mwenye ndevu nyekundu zilizofika kifuani.

Redio alisogeza simu mbali, akairudisha karibu.

Redio: Jela inabadilisha mtu.

Wakili: Kwa siku tatu?

Redio: Mimi nawaza hiyo tarehe moja Januari. Kumbe nao walipita kambini.

Balozi: Mtambo huu ni mbovu. Ujaribiwe kwa jina la mtu mwema, ambaye sote tunajua hajawahi kuingia huko. Andika la Katibu. Mutware.

Katibu: Hapana haja.

Balozi: Ni jaribio tu.

Katibu: Chaji itaisha, Wakili.

Chaji ilikuwa tele. Safari hii mtandao, ambao ulihangaika na mzungu dakika kumi, ulinifungua mara moja. Nilikuwepo pale, rangi zote, jicho moja nimelifumba, shati la kanisani. Mwezi wa kumi, 2013. Kuendesha gari leseni ikiwa imesimamishwa.

Redio: Mwezi wa kumi si ndipo ulikwenda harusini Columbus?

Katibu: Ndiyo.

Redio: Ukatuletea salamu za watu wa hukohuko, Reynoldsburg.

Katibu: Salamu zilikuwa za kweli. Niliwapigia simu nilipotoka.

Hakuna aliyecheka, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Nilikaa ndani kwa muda wa saa tisa tu, nikatumia mwaka mmoja na nusu kuzificha, na kumbe zilikuwa zimeanikwa mahali ambapo hata mama mkwe wa Balozi angeweza kuzisoma. Barua ya kuitwa mahakamani kwa kosa dogo la barabarani nilikuwa nimeipata. Sikuielewa, nikaiweka juu ya friji, na nikaona haya kumwomba mtu wa benchi hili anisomee, mpaka leseni ikasimamishwa bila mimi kujua.

Wakili alikuwa bado ameishika simu yenye picha yangu wakati mwanamke tusiyemjua alipovuka barabara na kusimama mbele yetu. Mkononi alikuwa na chupa ya kahawa. Tuliitambua kabla hatujamtazama yeye usoni.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Naitwa Kanyange, nakaa chini ya Jovini. Ameniomba niwaletee hii. Anaomba msamaha, imechelewa.

Balozi: Ametoka?

Kanyange: Ametoka wapi?

Balozi: Huko alikokuwa.

Kanyange: Hospitali alitoka Alhamisi. Jumatano aliteleza kwenye ngazi, mguu ukavunjika na simu ikapasuka. Mimi ndiye niliyeita gari la wagonjwa. Tangu hapo yuko dirishani, mguu juu ya kiti. Jumanne anahitaji mtu wa kumpeleka kwenye usaili.

Wakili: Nitampeleka mimi.

Alisema haraka, na nadhani lilikuwa jambo pekee la maana lililosemwa kwenye benchi asubuhi ile.

Katibu: Dirisha lipi, mama?

Alituonyesha. Tukainua macho, sote wanne, kwa mara ya kwanza tangu tukae. Chupa alikuwa pale nyuma ya kioo, kijiko mkononi. Alipoona tumemwona alikiinua kijiko.

Kanyange: Amegonga kioo mpaka mkono umechoka. Anasema tangu saa mbili anawaona mmeinamia simu moja, mara mnacheka, mara mnagombana. Ameniambia niwaulize, mnatafuta nini humo?

Redio aliinamisha kichwa, kwa heshima. Balozi alijiweka sawa kama anayeanza hotuba, kisha akajikuna shingo. Wakili aliitia simu mfukoni, na mwanga wa picha yangu ukaonekana kwenye kitambaa cha suruali kwa muda kabla haujazimika.

— Nimjibu nini? akauliza Kanyange.

Nilimpokea chupa. Ilikuwa ya moto na imejaa, hakuna aliyethubutu kuomba kikombe. Tulivuka barabara sote pamoja, tukapanda ngazi zilezile alizoangukia, na mpaka tunabisha hodi hatukuwa tumekubaliana tutamwambia nini.